Arosto au Sumu ya Dawa? Madhara ya Dawa za Virusi katika Seli za Wanaojidunga Heroini

Mtu anayejidunga heroini kwa sindano iliyokwisha kutumiwa na mwingine huweza kuambukizwa virusi vya UKIMWI (Sida) pamoja na vile vya homa ya ini aina ya C. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi baadhi ya dawa za kuzuia virusi hivyo zinavyoweza kudhuru seli za mwili, na jinsi madhara hayo yanavyoweza kufichwa na neno moja tu.

Zidovudini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, pamoja na stavudini na didanosini zilizoifuata, hufanya kazi kwa hila. Kirusi hujenga uzi wa DNA kama mwashi apangaye matofali. Dawa hukipa tofali bandia, na ujenzi hukatika. Lakini mitokondria, yaani vinu vidogo vinavyoipatia seli nguvu, nazo zina DNA yao, inayonakiliwa na kimeng'enya kiitwacho polimerasi gama. Stavudini na didanosini hasa hukihadaa kimeng'enya hicho pia. Hapo nguvu ya seli hupungua: nyayo huwaka moto au hufa ganzi, mashavu hukonda kwa kupoteza mafuta, na asidi ya laktiki huweza kujaa katika damu hata kuua. Ribavirini, dawa ya homa ya ini, ilizidisha hatari hiyo ilipochanganywa na didanosini.

Hapa ndipo lugha inapohusika. Mjini Dar es Salaam, ambako tiba ya metadoni ilianzishwa Muhimbili mwaka 2011, watumiaji huyaita mateso ya kukosa heroini "arosto". Neno hilo hukusanya maumivu ya mifupa, kichefuchefu, kutapika na tumbo kusokota. Asidi ya laktiki nayo huleta kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na uchovu. Mganga akiridhika na neno "arosto", damu haitapimwa.

Tena dawa zenyewe huingiliana. Efavirenzi hupunguza metadoni katika damu, ikaleta arosto ya kweli. Metadoni nayo huongeza kiasi cha zidovudini, na pamoja nacho hatari ya upungufu wa damu.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri stavudini iachwe hatua kwa hatua. Tenofoviri, iliyopendekezwa badala yake, hudhuru mitokondria kwa kiasi kidogo zaidi. Hata hivyo, zidovudini ingali inatumika kwa baadhi ya wagonjwa, na ganzi iliyoletwa na stavudini huweza kubaki hata baada ya dawa kuachwa.

Kwa hiyo, neno la mgonjwa lisipuuzwe wala lisipokelewe likiwa limefungwa. Aulizwe: mateso yalianza lini, baada ya kukosa nini, na yako wapi mwilini? Arosto ya heroini huanza saa chache baada ya kuikosa, nayo hupoa kwa siku kadhaa. Ganzi ya nyayo hudumu miezi. Kulifungua neno ni mwanzo wa kupima.