Rupia ya Mjerumani: Nani Atoe Ushahidi wa Thamani Yake?

Hutokea mzee akafariki, warithi wakafungua sanduku lake na kukuta, pamoja na hati ya kiwanja na kanzu ya Idi, kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mna sarafu tano au sita zilizokwisha kuwa nyeusi. Upande mmoja ni kichwa cha mtu mwenye kofia ya kivita, upande wa pili ni simba na mtende, na maandishi asiyoyafahamu yeyote nyumbani. Eda ya mjane haijaisha, tayari amekwisha fika mtu kutoka mjini Tunduma kusema kwamba hizo ni rupia za Mjerumani, kwamba anao mnunuzi ng'ambo ya mpaka, na kwamba bei yake ni nzuri mradi ziuzwe leo.

Huenda mtu huyo anasema kweli. Tatizo ni kwamba yeye ndiye mnunuzi, na yeye huyo huyo ndiye mpimaji. Katika fiqhi ya Kiislamu, ushahidi wa mtu unaomletea mwenyewe manufaa haukubaliwi na kadhi, hata akiwa mtu wa msikitini. Makala hii inahusu kanuni hiyo moja, katika jambo ambalo familia nyingi hulifanya kwa haraka na kulijutia kwa muda mrefu.

Kwanza, sarafu hizi zilifikaje kwetu? Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia za fedha mwaka 1890. Baadaye serikali ya kikoloni ilishika jambo hilo mkononi, na kuanzia mwaka 1904 rupia moja ikawa heller 100, badala ya pesa 64 za zamani. Nchi ambayo leo ni Mkoa wa Songwe ilikuwa ukingo wa milki ile. Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka kuingia huku, kikosi kimoja kikitokea Fife, jirani na Nakonde ya leo. Fedha ya dola iliyoshindwa haikukaa muda mrefu sokoni. Waliokuwa nayo waliiyeyusha kuwa bangili, au waliifukia ardhini, au waliihifadhi katika vitambaa kama kile.

Mwaka huo huo wa 1916 Wajerumani, waliokwisha fungiwa njia ya bahari, walipiga sarafu zao wenyewe mjini Tabora katika karakana ya reli. Maarufu kuliko zote ni ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo na milima nyuma yake, iliyopigwa kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitengenezwa elfu kumi na sita na ushei tu. Uzito wake ni gramu 7.168, na robo tatu yake ni dhahabu safi. Hiyo kweli huuzwa kwa maelfu ya dola, na kwa sababu hiyo hiyo za bandia zimejaa duniani.

Hapa ndipo matapeli walipopata kivuli. Atakuja wa kukuambia kwamba rupia halisi huvuta punje za mchele, au ina zebaki ndani, au inalindwa na majini na hivyo sharti atafutwe mganga wa kuifungua. Hayo hayana asili katika elimu ya madini, na hilo la mganga ni hatari kwa itikadi kabla halijawa hatari kwa mfuko. Mwaka 2009 uvumi wa zebaki nyekundu ulienea Saudi Arabia kwenyewe, watu wakagombania cherehani kuukuu za Singer kwa bei za ajabu. Zilikuwa cherehani tu.

Fedha ina uzito wake, na mizani haina uvumi. Rupia moja ya Kijerumani ina gramu 11.66, na sehemu 917 katika kila elfu ni fedha safi. Sonara mwenye mizani ndogo ya kidijitali ataliona hilo kwa dakika moja. Sumaku nayo husaidia, kwani fedha na dhahabu hazishikwi nayo. Wachimbaji wa Mkwajuni na Saza wanajua haya kuliko mwandishi. Lakini sonara hukuambia madini, hakuambii daraja. Mbozi yote inaelewa tofauti hiyo: kahawa ya AA na kahawa ya B zote ni kahawa, bali hazina bei moja. Vivyo hivyo rupia iliyopita katika mikono elfu na rupia ambayo nywele za yule kaizari bado zinahesabika, zote ni rupia.

Tarehe nayo isikudanganye. Riyale ya Maria Theresa, iliyozunguka sana katika pwani yetu na Uarabuni, huandikwa 1780 hata kama imepigwa miaka mia mbili baadaye.

Kupima sarafu ni kazi ya kale katika Uislamu. Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipotoa dinari yake ya Kiislamu mwaka 77 Hijria, uzito wake ulikuwa ni jambo la dola, na huko Misri vilitumika vipimo vya kioo vya kuhakikishia kwamba dinari haikupunguzwa. Aliyepima hakuwa yule aliyekuwa akiuza.

Katika zama zetu kazi ya kutoa daraja imeshikwa zaidi na kampuni za Marekani. Mbili zinazojulikana mno ni PCGS, iliyoanza mwaka 1986, na NGC, iliyoanza mwaka uliofuata. Hupokea sarafu kwa ujira, huichunguza kama ni ya kweli, huipa namba kati ya 1 na 70, kisha huifungia ndani ya kibweta cha plastiki chenye namba ya cheti. Mnunuzi wa Dubai au Munich asiyekujua wewe anaijua kampuni, na hicho ndicho unacholipia.

Mwenye sarafu achague ipi? Ushindani wa namba baina ya kampuni hizi mbili ni jambo la wenye fedha za kuchezea. Ulizo kubwa ni kama mpimaji ana fungu katika mauzo. NGC huwakataza wapimaji wake kufanya biashara ya sarafu, na sharti la namna hiyo ndilo la kutafutwa popote. Ulizo la pili: kampuni ikikosea, inafidia? Hizi mbili zina dhamana ya kulipa sarafu waliyoipitisha inapothibitika kuwa ya bandia. Kampuni isiyo na jina wala dhamana, hata ikiwa na kibweta cha kupendeza, imekuuzia plastiki. La tatu: cheti kinaweza kuhakikiwa? Ingia katika tovuti yao, andika namba, linganisha picha na kilicho mkononi mwako, kwa maana vibweta navyo hughushiwa.

Hata hivyo usiwafanye wapimaji kuwa maasumu. Wamarekani hukusanya kadi za kale za wachezaji wa besiboli kama wengine wanavyokusanya sarafu. Kadi moja ya mchezaji Honus Wagner ilikuwa ya kwanza kupewa daraja na kampuni ya PSA, mwaka 1991. Ilipata 8 katika 10, na mwaka 2007 ikauzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba yeye aliikata kingo kabla haijapimwa, ili ionekane mpya. Kasoro ile ilikuwa imepita mbele ya macho ya mafundi. Ni yale yale ya nafaka ya soko la Madina, ambayo Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani yake akakuta umajimaji uliofichwa chini ya kikavu, akamkemea mwenye mali.

Kwa sababu hiyo, usiisugue sarafu. Majivu, ndimu na dawa ya meno huing'arisha na kuiua. Kampuni hizi zikiona alama za kusuguliwa huandika kwamba imesafishwa na kuinyima namba, na bei huanguka. Iache na weusi wake, ishike kwa ukingo, na mnunuzi akiuliza ilifanywa nini, mwambie.

Pia si kila sarafu inastahili safari. Heller moja ya shaba ilipigwa kwa wingi mno, na ujira wa kupima pamoja na posta na bima utazidi bei yake mara nyingi. Rupia iliyochakaa nayo ni hivyo hivyo, inatosha mizani ya sonara. Kipeleke kwa wapimaji kile ambacho uzito umekikubali na ambacho kwa aina yake ni adimu: dhahabu ya Tabora, au rupia isiyo na mchubuko. Nyumba za mnada za Ujerumani hupokea pia sarafu zisizo na kibweta, na wakusanyaji wengi wa huko wamezoea kuziamini, basi si lazima kila kitu kipitie Marekani.

Kuna sheria ya nchi pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kuvifanyia biashara au kuvitoa nje kunahitaji kibali. Rupia za Mjerumani ni za baada ya hapo. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zimo ndani ya ulinzi huo, na anayekuomba uzipitishe Nakonde mfukoni anakutia katika kesi.

Baki yake ni ya nyumbani. Sarafu za marehemu ni tirka, na binti wa Vwawa ana fungu lake ndani ya kile kitambaa sawa na ndani ya shamba. Zihesabiwe mbele ya warithi wote, zipigwe picha pande mbili, uzito uandikwe, kila mtu abaki na nakala. Mnunuzi akisema atalipa akishaziuza, ajue kwamba wanazuoni wengi wa zama zetu wanataka dhahabu na fedha zibadilishwe kwa noti mkono kwa mkono, katika kikao kimoja. Kama hana taslimu, awe wakala wa warithi kwa ujira unaojulikana. Na kwa anayeziweka, zaka ipo: kwa nisabu ya gramu 595 za fedha, rupia 56 zinaifikia, na kwa gramu 85 za dhahabu, sarafu 16 za Tabora. Huhesabiwa madini safi, siyo uzito wote wa sarafu.