Karata za Taroti zenye Picha za Kutisha: Tuzipimeje?

Vijana wa parokia wametuuliza kuhusu karata za taroti, hasa zile za mtindo wa hadithi za giza: mafuvu, majoka, malkia wenye mabawa ya popo. Je, ubaya wake uko kwenye picha?

Tuanze na karata zenyewe. Pakiti kamili ina karata 78. Kati yake 56 ni za vikombe, panga, fimbo na sarafu, ndugu wa kopa, shupaza, pau na uru tunazozijua barazani. Zile 22 zilizobaki zilikuwa turufu. Ndiyo, turufu hii hii ya mchezoni, maana kaskazini mwa Italia katika karne ya 15 taroti ilikuwa mchezo tu. Kuzitumia kutabiri kulienea Ufaransa baada ya mwaka 1781, Antoine Court de Gébelin alipoandika kwamba zimebeba hekima ya makuhani wa Misri. Hakuwa na ushahidi. Picha zinazoigwa zaidi leo ni za Pamela Colman Smith, zilizochapishwa London mwaka 1909.

Basi fuvu peke yake si hoja. Wachoraji wa Kikristo wamelichora chini ya Msalaba kwa karne nyingi, na Mtakatifu Yeronimo huchorwa akiwa nalo mezani. Pakiti ya maua na malaika huenda ikatuhangaisha zaidi, kwa sababu haimshtui mtu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatofautisha kura ya kugawana vitu, kura ya kutafuta shauri na kura ya kutabiri. Mitume walimpata Mathia kwa kura, baada ya kusali (Mdo 1:26). Thoma hakatai kila kura. Anakataa kukiuliza kitu kisicho na akili kuhusu yale ambayo Mungu peke yake anayajua. Katekisimu, namba 2116, inakataa uaguzi wa kila namna.

Kwa hiyo anayepima pakiti asiishie kwenye michoro. Afungue kile kijitabu cha maelezo kinachouzwa nayo. Kikimfundisha kuuliza yajayo, hapo ndipo penye tatizo, hata kama mchoraji ana kipaji kikubwa (na wengine wanacho kweli).

Huku kwetu, kuanzia Kishanda hadi Bukoba mjini, swali hilo si geni. Wazee walikwenda kwa embandwa wa Wamara au Mugasha, wengine kwa wapiga ramli. Mara nyingi kilichoulizwa ni hiki: nani anamroga mtoto wangu? Kiswahili kimeipa tabia hiyo jina lake, ramli chonganishi. Kanda ya Ziwa imezika vikongwe waliouawa kwa kuwa tu na macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa jikoni. Mwanzoni mwa mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, wakati ndugu zetu wenye ualbino wakiuawa.

Mtu atasema karata haimtaji jirani kwa jina. Ni kweli. Lakini karata iitwayo Mwezi, katika maelezo ya mwaka 1910 ya Arthur Edward Waite, inamaanisha pamoja na mengine maadui waliojificha. Mama aliyekesha na mtoto mwenye homa akiipata hiyo, jina atalijaza mwenyewe.