Mikuki Mitatu ya Mji wa Zamość

Mgeni aingiapo Zamość, mji mdogo wa kusini-mashariki ya Polandi, hachelewi kuiona mikuki mitatu ya dhahabu juu ya ngao nyekundu. Imo hata katika nembo ya mji, pamoja na sura ya Mtakatifu Tomaso.

Asili yake husimuliwa hivi. Mwaka 1331, baada ya mapigano ya Płowce, Mfalme Władysław alipita kati ya majeruhi akamkuta askari wake Florian Szary amechomwa mikuki mitatu, akiyarudisha matumbo yake tumboni kwa mikono. Mfalme akamhurumia. Florian akajibu kwamba maumivu hayo yana nafuu kuliko kukaa na jirani mwovu. Mfalme akaahidi kumwondolea jirani huyo, akampa mikuki ile iwe alama ya nyumba yake. Alama yenyewe yaitwa Jelita, yaani matumbo! Huenda ni ngano tupu, lakini ukoo wa Zamoyski uliishika, na jibu la majeruhi yule likawa wito wao.

Wa ukoo huo ni Jan Zamoyski, Jemadari Mkuu, aliyeuanzisha mji mwaka 1580. Alimwita fundi Bernardo Morando kutoka Italia auchore wote kabla ya kujengwa, na uwanja wa soko wenye mita 100 kila upande. Waarmenia, Wayahudi na Wagiriki walikaribishwa kufanya biashara. Ngome zake zilizingirwa na Wakozaki mwaka 1648 na Waswidi mwaka 1656, hakuna aliyeziteka.

Jirani mwovu kuliko wote alikuja baadaye. Kuanzia Novemba 1942 Wajerumani wa Hitler waliwafukuza watu wapatao 110,000 wa wilaya hiyo, wakiwamo watoto 30,000, ili walowezi wao wapate mashamba. Watoto wengi walinyang'anywa wazazi wao. Wengine walikufa safarini ndani ya magari-moshi. Wakulima walikimbilia misituni wakashika silaha. Mji ulikombolewa Julai 1944.

Siku hizi saa sita mchana tarumbeta hulia kutoka mnara wa jumba la mji, kuelekea pande tatu tu. Magharibi, uliko mji wa Kraków, haipigwi: yasemekana Jan Zamoyski hakupatana na watu wa huko.