Kabla nchi haijagawanywa



Kama uliwahi kusafiri kutoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita miaka ya nyuma, unaikumbuka foleni ya kivuko pale Kigongo. Unawakumbuka pia kina mama waliokuja hadi dirishani na sinia kichwani: samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, karanga, ndizi. Kusubiri kwako ndiyo iliyokuwa riziki yao. Wewe ulinung'unika kuchelewa, mwenzako akapata ada ya mtoto.

Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu. Sasa gari linavuka kwa dakika chache, halisimami. Tumshukuru Mungu, mgonjwa anayekimbizwa Bugando usiku hasubiri tena kivuko. Lakini mimi na wewe tuliokula samaki wa yule mama miaka yote, tuliwahi kumuuliza atauza wapi daraja likifunguliwa?

Nauliza kwa sababu kuna daraja jingine linajengwa, nalo halionekani kwa macho. Ni Akili Mnemba, yaani programu za kompyuta zinazoandika barua, kupanga hesabu na kujibu wateja. Mei 2025, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilieleza kuwa ajira moja kati ya nne duniani inaweza kuguswa na teknolojia hiyo, na kazi za ukarani ndizo zilizo mstari wa mbele. Katika nchi tajiri, ajira zilizo hatarini zaidi ni asilimia 9.6 ya ajira za wanawake, lakini ni asilimia 3.5 ya ajira za wanaume. Shirika hilo linasema kazi nyingi zitabadilika kuliko kufutika.

Utasema hayo ni ya Ulaya. Kweli, mama anayeanika dagaa ufukweni na kuwapeleka Mwaloni Kirumba hana cha kuhofia leo. Hakuna kompyuta itakayokimbia kuanua dagaa mvua inapotanda. Lakini binti yake je? Yule aliyesomeshwa uhazili kwa fedha ya dagaa hao hao, ili apate kiti na meza ofisini? Ndiye anayesimama pale daraja linapopita.

Fungua kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Selofehadi alikufa bila mtoto wa kiume, akaacha mabinti watano. Kwa desturi, jina lake na fungu lake vingepotea. Mabinti hao hawakulia hemani mwao. Walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakaomba urithi. Musa hakuwafukuza, wala hakujifanya anajua jibu. Alilipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana akasema mabinti hao wamenena haki.

Angalia walisema lini. Israeli walikuwa bado ng'ambo ya Yordani, nchi haijagawanywa. Wangengoja mipaka iwekwe, wangeambiwa wamechelewa.

Mpendwa, nchi ya Akili Mnemba ndiyo kwanza inagawanywa. Kama kanisa lako lina kompyuta inayolala wiki nzima ikisubiri matangazo ya Jumapili, iwafundishe mabinti. Mhazili anayejua kuitumia mashine hii, na kuikosoa inapodanganya, ana nafasi kuliko anayeikimbia. Wewe mzee wa kanisa, usije ukafurahia programu inayoandika muhtasari wa kikao ukampunguza kazi dada aliyewatumikia miaka kumi, bila kumpa nafasi ya kujifunza. Na wewe mwajiri unayeketi kiti cha mbele ibadani, kaa na wafanyakazi wako wa kike kabla hujanunua mfumo mpya. Wasikie kwanza, kama Musa alivyosikia.

Na wewe binti, usibaki hemani. Uliza, jifunze, simama mlangoni useme. Mungu aliyewasikia mabinti wa Selofehadi hajaziba masikio.

Leo ukitoka ibadani, mtafute binti mmoja anayefanya kazi ofisini. Muulize kazi yake inakwendaje, kisha msikilize hadi mwisho.

Jumapili njema.