Mwisho Unaojulikana Hauondoi Utamu

Wapo wahakiki wanaozibeza filamu za mapenzi na michezo eti kwa kuwa mwisho wake hujulikana mapema. Kwangu mimi, kutabirika si dosari.

Chukua "Wimbledon" ya mwaka 2004. Peter Colt, mchezaji tenisi Mwingereza aliyeporomoka hadi nafasi ya 119 duniani, anapendana na Lizzie Bradbury, mchezaji wa Marekani. Tangu mwanzo twajua atapata mchumba na kombe. Hata hivyo, mioyo hutudunda kila mpira uvukapo wavu, kwani twataka kuona jinsi penzi linavyomrudishia imani mtu aliyekwisha kata tamaa.

Wala hiyo si ndoto tupu. Mwaka 2001 Goran Ivanišević wa Kroatia, aliyeshikilia nafasi ya 125 na kuingia kwa mwaliko maalumu, alilitwaa kombe lilo hilo.

Walimu wenzangu, watoto huangua kicheko ilhali wajua fika Sungura atamhadaa Fisi. Basi tusimpunguzie alama mwanafunzi asifuye filamu kama hii. Tumdai jambo moja tu: aeleze furaha hiyo imejengwaje.