Ndege wa Ziwa Tshangalele

Watu wengi wa Kambove na Likasi wanaijua Tshangalele kwa sababu ya samaki. Wengine wanaijua kwa sababu ya umeme, maana ziwa hili lilifanywa na watu: mwaka 1930 mto Lufira ulizuiwa pale Mwadingusha, ili mashine za migodi zipate nguvu. Lakini je, mnajua kama kuna ndege mmoja mwenye jina la ziwa hilo?

Ni ndege mfumaji, mdogo, wa manjano, mwenye uso mweusi. Mwaka 1960 mtaalamu Jean-Claude Ruwet alimpata huko. Mwaka 1982 wataalamu Louette na Benson walieleza kwamba ni wa aina yake, wakamwita Ploceus ruweti. Kisha miaka mingi ikapita. Mwaka 2009 watafiti walimwona tena palepale. Miaka yote ile wavuvi walikuwa wakipita karibu naye kila asubuhi!

Wengine watasema: «Ndeke ni ndeke tu, iko na kazi gani?» Tufikiri kidogo. Makao yake yanayojulikana ni eneo hili la Lufira. Akipotea hapa, hatutaenda kumtafuta Kolwezi wala Ulaya. Na hatari haziko mbali. Mto Panda unapita Likasi, unabeba uchafu wa viwanda, nao unaelekea ziwani. Watoto nao wanarusha mawe kwenye viota kwa kucheza.

Vijana, siku ya mapumziko mwende Kapolowe, mtembee kandokando ya maji. Mwende mapema, jua lisipokuwa kali. Msivae nguo za kung'aa, msipige kelele. Mtaona korongo wamesimama kimya, na mdiria mweusi na mweupe akitetemeka hewani mbele ya kuingia majini kwa samaki. Wakati wa mvua, mwangalie miti midogo inayosimama ndani ya maji: hapo njo wafumaji wananing'iniza viota. Dume anasuka kwa majani, kisha jike anakuja kukagua. Nyumba isipompendeza, anaenda zake!

Msikimbilie kusema «Tumemwona!», maana wafumaji wa manjano wenye uso mweusi ni wa aina nyingi, na wanafanana sana. Chukueni kaye na kalamu. Andikeni siku, saa, mahali, rangi ya kichwa na ya kifua, na hesabu ya viota. Msipande kushika mayai wala msivunje tawi. Mwaka ujao mrudi palepale, mhesabu tena. Hesabu ikipungua, mtakuwa na neno la kuambia wakubwa wa kijiji, tena lenye tarehe.

Baba na mama, kazi hii haiombi feza. Inaomba macho na uvumilivu. Na wavuvi waulizwe kwanza: wao wanajua ziwa kuliko sisi wote.