WANAFANANA LAKINI SI WAMOJA: MDUDU ANAYETIA MILIA KATIKA MAHINDI

Na Mwandishi Wetu

Unga wa sembe unaopikwa jioni katika nyumba nyingi za mijini huanzia safari yake mbali. Sehemu kubwa hutoka Nyanda za Juu Kusini, na katika nyanda hizo Mkoa wa Rukwa una sifa yake ya pekee. Kuanzia Sumbawanga hadi Nkasi, juu ya uwanda wa Ufipa uliopo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, mahindi ndiyo karo ya shule, ndiyo mabati ya nyumba, na ndiyo chakula cha mwaka mzima. Mahindi yakiharibika huko, mfanyakazi wa Dar es Salaam husikia habari hiyo dukani, katika bei ya kilo moja.

Maadui wa zao hili ni wengi. Wengine huonekana kwa macho. Viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini mwaka 2017, kila mkulima aliweza kumshika adui mkononi na kumwonyesha bwana shamba. Lakini yuko adui mwingine, wa siku nyingi zaidi, ambaye hata mtaalamu aliyesoma hawezi kumtaja kwa jina mpaka ampeleke chini ya hadubini. Huyu ni mdudu mdogo mwenye urefu wa milimita tatu hivi, anayebeba ugonjwa wa milia ya mahindi.

ALAMA ZA UGONJWA

Ugonjwa wa milia huletwa na virusi. Huanza kwa vidoa vidogo vya mviringo, vyeupe au vya manjano hafifu, karibu na shina la jani changa. Baadaye vidoa hivyo huungana na kuwa mistari myembamba iliyokatikakatika, inayokwenda sambamba na mishipa ya jani. Majani yaliyokwisha kukomaa kabla mmea haujaambukizwa hubaki na kijani chake. Yanayochipua baadaye ndiyo yenye milia.

Jambo hilo ni muhimu kwa kuwa milia mingine haitokani na virusi. Udongo ukikosa madini ya zinki, majani machanga hutokeza ukanda mpana uliopauka kila upande wa uti wa jani. Ukikosa magnesi, majani ya chini, yaliyozeeka, ndiyo yanayoanza kuwa na mistari, nayo haikatikikatiki. Mkulima asiyezitenganisha alama hizi huenda akanunua mbolea kwa ugonjwa usiotibika kwa mbolea, au akanunua dawa ya wadudu kwa shamba lenye njaa ya mbolea tu.

Hasara hutegemea umri wa mmea. Mche ulioambukizwa katika majuma mawili au matatu ya kwanza hudumaa, na huenda usitoe gunzi lenye punje. Mmea ulioambukizwa baada ya majuma manane hupata hasara ndogo. Ndiyo maana mashamba mawili yaliyopakana yanaweza kutofautiana kabisa: la aliyepanda mapema limestawi, la aliyechelewa limepauka. Wadudu huongezeka polepole katika nyasi na katika mahindi ya mwanzo, hivyo aliyechelewa hukuta miche yake bado michanga wakati wadudu wamekuwa wengi.

Hapo ndipo ujirani unapoweza kuingia doa. Wenyeji hueleza kwamba jina la mji wa Sumbawanga maana yake ni “tupa uchawi”. Shauri hilo lafaa hasa katika jambo hili. Shamba la mmoja kupauka huku la jirani likistawi si ushahidi wa mkono wa mtu. Ni hesabu ya siku za kupanda na idadi ya wadudu.

MDUDU MWENYEWE

Wakulima wa pamba humfahamu ndugu yake kwa jina la chawajani. Ni mdudu mwembamba, mwenye rangi ya majani makavu au ya manjano, anayefyonza utomvu wa majani na kuruka mara tu anapoguswa. Jike hutaga mayai ndani ya jani lenyewe. Mtoto hujivua gamba mara tano kabla ya kupata mabawa.

Wataalamu huwapanga viumbe kwa ukoo. Viumbe wanaozaana wao kwa wao huwekwa katika spishi moja, na spishi zilizo karibu huwekwa pamoja katika kundi liitwalo jenasi. Chawajani wa milia wako katika jenasi ya Cicadulina, ambayo spishi zake zilizopewa majina zinazidi ishirini, nyingi zikiwa za Afrika. Mashuhuri kupita zote ni Cicadulina mbila, iliyoelezwa na Naudé huko Afrika Kusini mwaka 1924. Jina hilo lafanana na umbila, ambalo ni mahindi kwa Kizulu.

Mwaka huohuo wa 1924 mtaalamu Mwingereza, H. H. Storey, akiwa Natal, alitangaza kuwa chawajani ndiye anayeueneza ugonjwa huu. Kabla ya hapo milia ilijulikana, lakini chanzo chake hakikujulikana.

KAZI ILIYOFANYIKA AMANI

Habari iliyofuata ilitokea katika nchi yetu. Storey alihamia kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Huko aligundua jambo la ajabu: hata ndani ya spishi moja ya Cicadulina mbila, wako wanaoambukiza na wako wasioambukiza, ijapokuwa wote wamekula jani lilelile lenye ugonjwa.

Akawapandisha kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1932 alionyesha kuwa uwezo huo ni wa kurithi, tena hufuata jinsia. Dume mwenye uwezo akipandishwa na jike asiye nao, watoto wa kike huurithi, wa kiume hawaurithi. Mwaka uliofuata alieleza jaribio jingine. Aliwachukua wadudu wasioambukiza, akawatoboa tumbo kwa sindano nyembamba sana. Baadhi yao wakaanza kuambukiza. Maana yake ilikuwa wazi: virusi vilikuwa vimo tumboni muda wote, ila ukuta wa utumbo uliwazuilia njia. Kwa mdudu mwenye uwezo, virusi huvuka ukuta huo, huingia katika damu, hufika katika tezi za mate, na kutoka pale mdudu anapofyonza mmea mwingine. Safari hiyo huchukua saa kadhaa, na baada yake mdudu huweza kuambukiza kwa siku nyingi.

Heshima ya kazi hiyo imebaki katika jina la mdudu. Mwaka 1936 W. E. China, mtaalamu wa wadudu wa London, aliiita spishi mojawapo Cicadulina storeyi.

MADOA MAWILI HAYATOSHI

Ukimtazama chawajani wa jenasi hii kwa lenzi, utaona juu ya kichwa, kati ya macho, madoa mawili meusi ya mviringo. Mtu angedhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu madoa hayo wanayo karibu wote. Rangi nayo hudanganya: mistari ya kahawia juu ya mabawa hukolea au hupungua kwa mdudu mmoja na mwingine, na mdudu aliyekaa siku nyingi sandukuni hupauka.

Kwa hiyo mtaalamu hulitazama umbo la viungo vya uzazi vya dume. Hukata ncha ya tumbo, huichemsha taratibu katika maji ya potasi kali ili nyama iyeyuke na gamba libaki, huiosha, kisha huiweka katika tone la gliserini chini ya hadubini. Hapo tofauti hujitokeza: kijiti hiki kimepinda, kile kimenyooka, huyu ana pembe ndefu, yule ana pembe fupi. Umbo hilo halibadiliki ovyo kama rangi, na ndilo linalowekwa katika funguo za utambuzi.

Jike humpa mtaalamu taabu zaidi, kwani majike wa spishi mbalimbali hufanana mno. Njia moja ni kumfuga mpaka azae, kisha kuwachunguza wanawe madume. Siku hizi vinasaba pia husaidia, hata kwa jike na kwa mtoto asiye na mabawa; lakini vinasaba navyo hulinganishwa na vielelezo ambavyo mtu mwenye hadubini amekwisha kuvitaja kwa usahihi.

Bila uangalifu huo, majina huchanganyika. Mwaka 1965 mtaalamu Ruppel aliieleza spishi aliyoiita Cicadulina triangula. Jina hilo likatumika katika maandishi ya watafiti wa mahindi kwa miaka mingi. Baadaye ikaonekana kwamba ni mdudu yuleyule aliyekwisha kuitwa storeyi mwaka 1936, na kwa kanuni ya elimu hii jina la kwanza ndilo linalobaki. Mwaka 1987 M. D. Webb alitoa maelezo mapana ya kuzitambua spishi za jenasi nzima, na maelezo hayo yakawa tegemeo la wengi.

KUNA FAIDA GANI?

Msomaji anaweza kuuliza: mkulima wa Laela au Matai atafaidi nini na pembe za mdudu asiyeonekana?

Kwanza, spishi zote haziambukizi sawa. Cicadulina mbila huongoza, storeyi hufuata kwa karibu, na nyingine huambukiza kwa shida au hazijathibitishwa kuwa zinaambukiza. Mtu akihesabu chawajani mia moja shambani bila kuwatenga, hesabu yake haina maana. Huenda wote ni wageni wasio na madhara, na mkulima akaambiwa anunue dawa bure. Huenda pia wakawa kumi tu, lakini kumi hao ni mbila.

Pili, na hili ndilo kubwa, ni suala la mbegu. Mbegu yenye ukinzani hupatikana kwa kuipima. Miche hufungiwa pamoja na chawajani waliolishwa majani yenye ugonjwa, ikatazamwa ipi itapona. Chawajani hao hufugwa kwa wingi, mara nyingi juu ya miche ya uwele. Sasa tuseme spishi nyingine dhaifu imepenya katika banda la kufugia, au kizazi kile cha wasioambukiza alichokionyesha Storey kimezidi. Miche itabaki kijani, na mbegu itasifiwa kuwa na ukinzani, kumbe haikupata kuambukizwa. Mwenye kulipa gharama ya kosa hilo si mtafiti. Ni mkulima aliyeuza mbuzi wake ili anunue mfuko wa mbegu.

Kazi ya namna hiyo ikifanywa vizuri huzaa matunda. Nchini mwetu mbegu ya Staha ilitolewa mwaka 1983, na TMV-1 mwaka 1987, zote zikijulikana kwa kuustahimili ugonjwa wa milia. Hata hivyo mbegu hizo zilikusudiwa sehemu zenye joto zaidi, za chini na za kati. Sumbawanga mjini pako juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,800. Mkulima wa uwandani hana budi kuuliza mambo mawili kwa pamoja: mbegu hii yakinza milia? Na je, yaafiki mwinuko na baridi ya Ufipa?

KIANGAZI CHA UFIPA

Mvua za Ufipa huanza mnamo Novemba na kukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei. Baada ya hapo nyasi za uwandani hukauka. Virusi havirithiwi kupitia mayai ya chawajani, wala havidumu katika mabua makavu. Huhitaji mmea hai na mdudu hai. Basi vinapita wapi katika miezi hiyo ya ukavu? Hupita mabondeni, penye unyevu, ambako nyasi hubaki mbichi na mahindi ya bustani hupandwa kwa ajili ya kuchoma. Mvua zinaporudi, wadudu hupanda tena kwenye mashamba ya juu.

Wazee wa Kifipa walikuwa na desturi ya kuzikusanya nyasi na kuzifukia chini ya matuta ya mviringo yaitwayo intumba, ili zioze na kuurutubisha udongo. Walifanya hivyo kwa ajili ya rutuba. Lakini nyasi iliyofukiwa haimlishi chawajani, na hilo nalo si haba.

LA KUFANYA

Mmea uliokwisha kuugua hauna tiba. Kunyunyizia dawa baada ya kuona milia ni kufunga zizi wakati ng'ombe amekwisha toka. Yaliyo mikononi mwa familia ni haya:

Pandeni mara mvua zinapotulia, tena majirani wote kwa wakati mmoja.

Msipande mahindi ya nyuma kando ya yale ya mwanzo. Ikibidi, acheni kati yake ukanda mtupu wa mita kumi hivi.

Ng'oeni maotea ya mahindi na nyasi mbichi zilizo pembeni kabla ya kupanda.

Miche ya kwanza ikionyesha milia, ing'oeni mapema. Dawa ya kuvisha mbegu itumiwe kwa ushauri wa afisa ugani.

Na wale wenye watoto wadadisi wanaweza kuwapa kazi njema siku ya mapumziko. Lenzi ndogo, chupa nyeupe na dakika chache shambani zatosha kuyaona yale madoa mawili meusi. Mtoto hataweza kuitaja spishi, wala si lazima. Atajifunza kwamba vitu viwili vinaweza kufanana machoni na bado vikawa mbali kwa matendo, na kwamba kabla ya kumtwisha yeyote lawama, mdudu au jirani, yafaa kutazama kwa karibu.